Nani Ale Samaki Yupi

Lokel hafichi meno. Hata akifumba kinywa, meno yake marefu na membamba hubaki nje, ya juu yakipishana na ya chini, na mvuvi wa Eliye Springs, kando ya Ziwa Turkana, anayemtoa wavuni humkamata nyuma ya kichwa kwa uangalifu, maana samaki huyu hang'ati kwa mzaha. Mgongo wake ni wa kijivu, ubavu unang'aa rangi ya fedha na umepigwa mistari myeusi hadi mkiani. Wanasayansi wanamwita Hydrocynus forskahlii. Kazi yake ziwani ni kula samaki wenzake.

Mwaka 2003, jarida la kimataifa la uchafuzi wa mazingira lilichapisha utafiti wa Linda Campbell, Odipo Osano na wenzao kuhusu zebaki katika samaki wa maziwa 3 ya Bonde la Ufa nchini Kenya: Turkana, Naivasha na Baringo. Kati ya samaki wote waliopimwa, aliyeongoza kwa zebaki alikuwa lokel wa Ziwa Turkana. Minofu yake ilikuwa na mikrogramu 636 za zebaki kwa kila kilo. Kikomo cha biashara ya kimataifa walichokitumia watafiti hao ni mikrogramu 500. Kwa walio hatarini zaidi, wakiwemo wajawazito na watoto wadogo, kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 200 tu.

Habari ya namna hiyo ikisomwa redioni asubuhi, kufikia adhuhuri imeshageuka kuwa "samaki wa Turkana wana sumu". Ndiyo maana inafaa kuusoma utafiti ule hadi mwisho. Lokel waliokaribia au kupita 500 walikuwa wawili tu. Ngege, ambaye Watanzania humwita sato na Waturkana kokine, alikuwa na mikrogramu kati ya 2 na 25 katika maziwa yote. Mbuta, yaani sangara, ambaye Waturkana wanamwita iji, hakupita 95. Basi samaki wawili waliolala kwenye beseni moja la mchuuzi wanaweza kutofautiana kwa zebaki mara 25, hata mara 100 na kuendelea, na hakuna jicho wala pua itakayomjulisha mnunuzi.

Swali la kama samaki wa Turkana ni salama, kwa hiyo, halina jibu mpaka liulizwe vizuri. Ni samaki gani? Mkubwa kiasi gani? Amekaushwaje? Na anayemla ni mzee wa miaka 60 au ni mama mwenye mimba ya miezi 4?

Ufukweni mwa Ziwa Turkana hakuna kiwanda kinachomwaga zebaki. Metali hii imo ardhini tangu asili, hasa kwenye miamba ya volkano, na Bonde la Ufa ni nchi ya volkano. Nyingine husafiri hewani kutoka kwenye moshi wa makaa ya mawe na kwenye migodi ya dhahabu ya mbali, ikaanguka na mvua. Ikifika kwenye tope la ziwa, bakteria wasiohitaji hewa huigeuza kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo yenye madhara: inapenya matumboni kwa urahisi, inashikamana na protini za misuli, na mwili huchukua wiki nyingi kuitoa. Mwani unanyonya kidogo. Kidudu cha majini kinakula mwani mwingi na kubaki na zebaki yote. Samaki mdogo anakula vidudu maelfu, na lokel anakula samaki wadogo maisha yake yote. Kila ngazi inarithi deni la ngazi iliyo chini yake. Ngege hula zaidi mwani na masalio, hivyo yuko chini kabisa ya ngazi hiyo. Lokel yuko juu, na lokel mzee yuko juu zaidi ya lokel kijana.

Kuna hesabu ambayo kila zahanati ya kando ya ziwa ingeweza kuibandika ukutani. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani iliamua mwaka 2003 kwamba mtu asipate zaidi ya mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wake, na kiwango hicho kiliwekwa kumlinda mtoto aliye tumboni. Mwanamke wa kilo 50, na Turkana wengi wana uzito wa namna hiyo, ana nafasi ya mikrogramu 80 kwa wiki. Akila ngege mwenye zebaki nyingi kuliko ngege wote waliopimwa, yule wa 25, atahitaji kumaliza kilo 3.2 za minofu ndipo afike ukingoni. Akila mbuta wa 95, ukingo uko kwenye gramu 840, karibu kilo moja. Akila lokel yule wa 636, gramu 126 zinatosha. Hicho ni kipande kimoja cha mlo mmoja, na wiki yake imekwisha.

Ni kweli kwamba hesabu hii inamchukua lokel mbaya kuliko wote. Lakini mama mjamzito hana namna ya kujua ni lokel yupi amemwangukia sahanini, na ngege hupatikana papo hapo ufukweni. Ushauri wa lokel ni mwepesi kutoa: mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wamwache. Wengine wa nyumbani wamle mara mojamoja.

Wapishi wengi huuliza kama moto unaondoa sumu. Zebaki haiondoki. Haichemki ikaisha, haiyeyuki kwenye mafuta ya kukaangia, haitoki na ngozi wala magamba, kwa sababu imeshikamana na nyama yenyewe. Kukausha nako huwachanganya watu. Samaki mbichi ni maji kwa robo tatu na zaidi ya uzito wake, na jua la Turkana likishayanyonya, kilo ya samaki hubaki kama gramu 300 hivi. Zebaki haikuongezeka hata chembe, ila sasa imebanwa ndani ya uzito mdogo. Zile gramu 126 za lokel mbichi ni kama gramu 40 za lokel mkavu, kipande kinachoweza kuliwa kabla ugali haujaiva.

Wanaotaka kutisha watu hutaja Minamata, na hawakosei kuitaja, ila mara nyingi huitaja vibaya. Katika mji huo wa Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi, na ugonjwa ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956 paka walikuwa wameshaanza kuyumba na kujitupa majini, na watoto walizaliwa na viungo vilivyopinda kwa mama ambao wenyewe hawakuonekana wagonjwa. Samaki na kombe wa ghuba ile walipita mikrogramu 10,000 kwa kilo. Turkana haiko karibu na hapo. Mfano ulio karibu na Afrika Mashariki, kwa bahari na kwa hali, ni wa Ushelisheli. Huko, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wamewafuatilia mamia ya watoto ambao mama zao walikula samaki kwa wastani wa mara 12 kwa wiki wakiwa wajawazito. Zebaki ilionekana kwenye nywele za mama hao. Madhara ya kueleweka kwa watoto hayakuonekana, na watafiti wanadhani kwamba mafuta ya omega-3 na virutubisho vingine vilivyomo kwenye samaki vilifidia. Katika visiwa vya Faroe, ambako zebaki nyingi ilitokana na nyama ya nyangumi, watoto walionekana kurudi nyuma kidogo katika kumbukumbu na lugha. Kilicholiwa pamoja na zebaki ndicho kilicholeta tofauti, na wanasayansi wamebishana juu ya visiwa hivyo viwili kwa zaidi ya miaka 20.

Turkana haina anasa ya kubishana muda huo. Kati ya 2020 na 2023 misimu 5 ya mvua ilishindwa mfululizo kaskazini mwa Kenya. Ngamia, mbuzi na punda walikufa njiani, na kaunti hii kwa miaka mingi imepita ile alama ya 15% ya utapiamlo mkali wa watoto ambayo kwayo dunia hutangaza dharura. Ziwa halikukauka. Katika nchi ambayo mbuzi ndio akiba na mvua ndiyo mshahara, ngege mbichi wa Eliye ni protini, madini ya chuma, vitamini B12 na mafuta ya ubongo wa mtoto, kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Mtaalamu anayefika hapo na kusema "acheni samaki" amefanya kosa kubwa kuliko zebaki.

Kosa hilo limewahi kufanyika kwingine. Kule Quebec, Canada, mabwawa ya umeme ya mto La Grande yalipojazwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, misitu ilizama, bakteria wakapata karamu ya majani yanayooza, na zebaki katika samaki wawindaji ikapanda mara kadhaa. Wenyeji wa Cree waliambiwa wajihadhari na samaki waliowalea babu zao, na mwaka 1986 ukatiwa saini mkataba mzima wa kushughulikia zebaki. Watu walitii. Wengi waliacha samaki hata wale wasiokuwa na tatizo, wakageukia vyakula vya dukani, na wahudumu wa afya wakajikuta wanapambana na kisukari huku wakijaribu kuwashawishi watu warudi ziwani. Onyo lilikuwa limewafikia wote kwa uzito uleule.

Kisa cha Cree kina sababu ya pili ya kukumbukwa Turkana, nayo inahusu maji. Karibu 90% ya maji ya ziwa huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Mito ya Turkwel na Kerio huchangia kidogo, na ziwa halina mlango wa kutokea. Maji yanaondoka kwa jua tu, na yanachoacha nyuma kinabaki. Mwaka 2015 bwawa la Gibe III, lenye ukuta wa mita 243, lilianza kujazwa kwenye Omo, na mwishoni mwa 2016 lilizinduliwa. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Watu walitarajia ziwa lishuke. Badala yake mvua kubwa zilizoanza 2019, kabla ya ukame ule, ziliinua maji, fukwe zikamezwa, mikoche ikasimama ziwani, na vichaka vya mathenge vilivyokuwa nchi kavu vikaoza chini ya maji.

Mathenge yanayooza majini ndiyo hali ileile ya La Grande kwa kipimo kidogo: mboji mpya, hewa kidogo kwenye tope, bakteria wengi. Samaki wa utafiti ule wa 2003 walivuliwa kabla ya Gibe III na kabla ya mafuriko haya. Namba zao ni msingi mzuri wa kuanzia, si cheti cha kudumu. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, kiko Kalokol, kaskazini mwa Eliye. Samaki wa kupima tena wako mlangoni.

Hata hivyo, kati ya vitu vyote vinavyowadhuru watu wa ziwa hili leo, zebaki huenda isishike nafasi ya kwanza. Atazamwe mtu yeyote aliyekulia ufukweni akicheka. Mara nyingi meno yana mabaka ya kahawia, mengine yamechimbika. Hiyo ni floraidi, nayo inatoka kwenye maji. Maji ya ziwa ni magadi, pH yake iko juu ya 9, na floraidi yake inapita mara kadhaa kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Upande wa mashariki, kwa Waelmolo wa karibu na Loiyangalani ambao wameishi kwa samaki na maji hayo vizazi vingi, wapo waliopinda miguu kwa sababu mifupa nayo huathirika.

Floraidi inaingia kwa samaki pia, lakini tabia yake ni kinyume cha zebaki. Zebaki inakaa kwenye nyama. Floraidi inakimbilia kwenye mifupa na magamba, na kuiacha minofu ikiwa na kidogo sana. Hapo ndipo nasaha nzuri za mahali pengine zinapogeuka. Kwenye Ziwa Viktoria, mtaalamu wa lishe humwambia mama asage dagaa au ngege mkavu mzima mzima, mifupa kwa nyama, auchanganye unga huo kwenye uji wa mtoto apate kalisi. Ni ushauri wa busara kule. Turkana, mtoto ambaye tayari anakunywa maji yenye floraidi hahitaji kuongezewa mifupa ya samaki walioishi ndani ya maji hayohayo. Minofu itolewe kwanza, ndiyo isagwe. Na sufuria ijazwe maji ya chemchemi au ya kisima kilichopimwa, si ya ziwa, kwa kuwa kuchemsha kunapunguza maji na kuiacha floraidi yote ndani ya mchuzi. Eliye ina bahati hapo: jina la Springs limetokana na chemchemi za maji matamu zinazotoka mchangani kati ya mikoche, hatua chache tu kutoka kwenye maji ya magadi.

Baada ya maji linakuja suala la mchanga. Jua likipanda, samaki waliopasuliwa mgongo na kutandazwa ufukweni hujaa chembe za mchanga, mavi ya mbuzi na nzi. Wenye chumvi huwapaka. Wenye nyavu kuukuu huwatandika juu yake. Akina mama wanaofanya kazi hii wanajua kabisa kwamba chanja cha miti, kilichoinuliwa kimo cha kiuno, kinatoa samaki safi na anayekauka upesi, maana upepo unapita juu na chini. Wanajua pia kwamba miti ni haba na kwamba ziwa likipanda chanja kinakwenda na maji.

Miaka ya mwanzo ya 1980 Norway ilijenga Kalokol kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, ili mbuta wa Turkana wafike masoko ya mbali wakiwa na minofu myeupe. Umeme na maji safi vilivyohitajika havikuwapo kwa kiasi hicho, gharama ya kugandisha katika joto lile ikashinda bei ya samaki, na mitambo ikazimwa baada ya siku chache. Majengo yalibaki. Samaki wakarudi mchangani, na hadi sasa sehemu kubwa ya mavuno hutoka Turkana yakiwa yamekaushwa na kutiwa chumvi, yakapitia Lodwar na Kitale hadi Busia, Uganda na Kongo.

Safari hiyo ndefu ndiyo inayoleta sumu ambayo haikuwa ziwani. Samaki mkavu ana adui, dundu mdogo mweusi ambaye mabuu yake yenye manyoya hutoboa minofu hadi ibaki vumbi. Mfanyabiashara mwenye magunia 40 ghalani anayaona yakigeuka unga, na dukani jirani kuna dawa ya kupulizia mbu, au ile ya kuogeshea mifugo dhidi ya kupe. Kupulizia samaki dawa kama hiyo ni tatizo la zamani katika biashara ya samaki wakavu barani Afrika, na ni hatari ya wazi kuliko ya zebaki: dawa za jamii hiyo zinashambulia mishipa ya fahamu, na mtu anaweza kuumwa siku ileile. Dundu huyo ana udhaifu wake. Hapendi chumvi nyingi, na hawezi kustawi kwenye samaki aliyekauka sawasawa. Chumvi ya kutosha, chanja, na gunia lililofungwa vizuri hufanya kazi ambayo wengine huwaachia wauza dawa.

Afrika Mashariki iliwahi kulipia somo la sumu kwa fedha taslimu. Mwaka 1999, baada ya habari kwamba baadhi ya wavuvi wa Ziwa Viktoria walikuwa wakimwaga dawa za wadudu majini ili samaki waelee, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo. Viwanda vya Kisumu, Mwanza na Entebbe vilisimama, na mbuta aliyekuwa akipanda ndege akauzwa vichochoroni kwa bei ya kutupa. Ziliundwa maabara na taratibu za ukaguzi, lakini zilielekezwa kwa samaki wa kusafirishwa Ulaya. Anayelisha watu wa Lodwar na Kakuma hakaguliwi na mtu zaidi ya mnunuzi mwenyewe.

Mnunuzi huyo naye ana macho na pua, na kwa sumu hizi vinamsaidia kuliko kwa zebaki. Samaki mkavu aliyekauka vizuri ni mgumu, anakatika kwa mlio, ananuka samaki basi. Aliyepuliziwa mara nyingine ana harufu ya mafuta ya taa au ya dawa ya duka, na jambo la kushangaza: nzi hawamsogelei. Beseni la samaki lisilo na nzi hata mmoja kwenye soko la joto la nyuzi 36 si usafi. Samaki mbichi aangaliwe matamvua, yawe mekundu, na jicho liwe limetuna. Matumbo na maini yatupwe, si yapikwe, hasa ya samaki wa Ghuba ya Ferguson ya ziwa hili, ambako maji huwa ya kijani kwa mwani. Sumu za mwani hujikusanya kwenye viungo hivyo kuliko kwenye nyama.

Kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992 pamoja na makazi ya Kalobeyei ni soko la watu wengi kuliko miji mingi ya kaskazini mwa Kenya. Wapo Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, Warundi, na Wakongomani na Warundi hasa ni watu wa samaki tangu kwao. Mwaka 2015 sehemu ya posho ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ilianza kuingia kwenye simu kwa jina la Bamba Chakula, na kwa hiyo mkimbizi aliweza kuchagua anachonunua. Hapo chaguo la ngege au lokel linafanywa na mama mwenyewe kibandani.

Akiuliza kliniki, "Sista, mimba hii nile samaki gani?", jibu lifaalo ni fupi. Ale ngege mara 2 au 3 kwa wiki, na zaidi akipata. Mbuta mdogo na wa kadiri ni sawa. Lile jibaba la kubebwa na watu wawili liende kwa wanaume na wazee, kwa kuwa samaki mla samaki huongezeka zebaki kadiri anavyozeeka. Lokel asubiri mtoto aachishwe ziwa. Mifupa isiingie kwenye uji. Apike mpaka nyama iachane na mfupa yenyewe, maana minyoo ya samaki haihimili moto. Jibu hilo linaingia kwenye dakika mbili, kwa Kiturkana, Kiswahili, Kiarabu cha Juba au Kisomali, na lina faida moja juu ya onyo la jumla: anayelisikia anaondoka akiwa bado atanunua samaki.

Jibu hilo linaweza kuboreshwa kwa gharama ndogo. Zebaki ya methili anayokula mtu hujiandika kwenye nywele zake kadiri zinavyoota, na kwa kuwa nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, unywele wa sentimita 9 ni kumbukumbu ya mimba nzima. Nywele hazihitaji barafu, sindano wala gari la haraka. Bahasha ya karatasi inatosha hadi maabara. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao makuu Nairobi, lilitoa mwaka 2008 pamoja na Shirika la Afya Duniani mwongozo wa kuwatambua watu walio hatarini kwa zebaki, na nywele ni mojawapo ya vipimo vyake. Wanawake wengi wa Turkana hunyoa pande za kichwa na kuacha nywele za utosini zikue na kusukwa. Wakiombwa kwa heshima na kuelezwa sababu, msuko mmoja kutoka Eliye, mwingine Kalokol, mwingine Kakuma iliyo mbali na ziwa, ungeonyesha ni akina mama wangapi wa kupewa ushauri wa lokel kwa msisitizo, na ni wangapi wa kuachwa wale samaki wao kama kawaida.